Safari ya Shujaa kwenye Muvi za Maisha ya Watu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hii "safari ya shujaa" ni kitu gani hasa?

Ni mpango wa kusimulia stori. Kuna mtu anaishi maisha yake ya kawaida, siku moja kinatokea kitu kinamwita, mwanzoni anakataa au anasitasita, anakutana na mtu wa kumfundisha, anaondoka kwao, huko mbele kuna marafiki na maadui na mitihani, anafika mahali pabaya kuliko kote ambapo ni kama anakufa kabisa, anatoka pale akiwa mtu mwingine, alafu anarudi nyumbani na kitu cha kuwafaa wenzie. Basi, ndo hiyo. Ukishaijua utaiona kwenye hadithi za bibi, kwenye katuni, kwenye muvi za kupigana, na kwa hapa sisi tunaiangalia kwenye muvi zinazosimulia maisha ya watu waliokuwepo kweli.

Nani aliigundua?

Kuigundua ni neno kubwa maana watu wamesimulia hivi tangu zamani sana, ila aliyeikusanya na kuipa jina ni Mmarekani anaitwa Joseph Campbell, kwenye kitabu chake cha mwaka 1949, The Hero with a Thousand Faces. Alisoma ngano na visa vya dini vya mataifa mengi akasema kuna stori moja kubwa chini yake, ina hatua 17, zimegawanyika kuondoka, kupitia majaribu na kurudi. George Lucas alisema wazi kwamba Campbell alimsaidia kutengeneza Star Wars ya 1977, na hapo ndo Hollywood ikashtuka. Miaka ya 1980 kuna jamaa alikuwa anafanya kazi Disney ya kusoma skripti, Christopher Vogler, akaandika waraka mfupi wa ndani wa kuwaelezea wenzie mambo ya Campbell kwa lugha nyepesi, waraka ukawa unapigwa kopi unazunguka ofisi kwa ofisi, mwaka 1992 akautoa kama kitabu kamili, hatua zikabaki 12. Kwa hiyo ukimsikia mwandishi wa skripti anaongelea "hatua kumi na mbili" anamfuata Vogler, Campbell ni babu yake tu.

Kwa nini muvi za maisha ya watu zinaing'ang'ania sana hii fomula?

Kwa sababu maisha hayana umbo. Mtu anaishi miaka 70, anahama nyumba mara tano, anagombana na kupatana, anaumwa, anakaa miaka bila chochote cha maana kutokea, alafu wewe una masaa mawili tu na mtazamaji ameshalipa. Fomula inakupa pa kuanzia na pa kuishia, inakuambia nani awe adui na lini machozi yatoke. Na kuna pesa pia, tusifichane: mtoa hela akisoma skripti yenye mwanzo, anguko na kuinuka anaelewa haraka atauza nini, na muigizaji akipata sini ya kuanguka na ya kuinuka anajua kuna tuzo. Jamie Foxx kwa Ray Charles, Rami Malek kwa Freddie Mercury, Forest Whitaker kwa Idi Amin, wote walibeba Oscar kwa kuigiza watu wa kweli.

Lakini kuna sababu nyingine naiheshimu zaidi. Watu wenyewe wakisimulia maisha yao huwa wanayapanga hivo hivo. Muulize mzee yeyote aliyefanikiwa, atakuanzia "nilitoka kijijini sina hata viatu". Kwa hiyo tusiseme fomula imetoka Hollywood tu ikatuvamia.

Nioneshe kwenye muvi moja, hatua kwa hatua.

Chukua Queen of Katwe ya 2016, ya Mira Nair, inayomhusu Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Nimeichagua kwa sababu imetengenezwa na Disney, kampuni ileile Vogler aliyoandikia waraka wake, na kwa sababu iko karibu na sisi.

Dunia ya kawaida: binti anauza mahindi mtaani, baba ameshafariki, mama Harriet (Lupita Nyong'o) anahangaika na kodi. Wito: anamfuata kaka yake mpaka anapokuta watoto wanafundishwa chesi na wanapewa uji. Kusitasita: siku ya kwanza watoto wanamcheka, na yeye ni binti, na mama hataki kusikia habari za mchezo anaoufananisha na kamari. Mshauri: Robert Katende, kocha, anayeigizwa na David Oyelowo. Kuvuka mlango: mashindano kwenye shule ya watoto wa wenye nacho, ambapo hawa wa Katwe hawajui hata wakae vipi. Majaribu: safari ya Sudan, ushindi, na lile jambo ambalo mama alilihofia, kwamba mtoto akishaonja kulala pazuri ataona kwao ni jela. Shimo: Olympiad ya chesi 2010 kule Khanty-Mansiysk, Urusi, anapigwa, anarudi amevunjika anataka kuacha. Kuinuka tena, kushinda, na zawadi anayorudi nayo ni nyumba kwa ajili ya mama na watoto.

Yaani iko sahihi kama imepimwa kwa rula. Na bado muvi ina uhai, nadhani kwa sababu Nair hakumwacha mama awe pambo. Harriet ana safari yake mwenyewe, ya kumwachia mtoto aende mahali ambapo yeye hawezi kumfuata, na kuna sini nzima ambazo Phiona hayupo kabisa. Alafu mwishoni wanatoka watu wenyewe halisi, kila mmoja anasimama pembeni ya muigizaji aliyemuigiza. Hapo unakumbuka kwamba maisha yao yanaendelea nje ya stori, Phiona kwa mfano alienda kusoma chuo Marekani baada ya muvi kutoka.

Na Bohemian Rhapsody? Nasikia imepindisha mambo.

Imepindisha, na inafaa kuangalia imepindisha wapi, maana kila palipopindishwa ni pale fomula ilipokuwa inadai kitu ambacho maisha hayakutoa.

Muvi ni ya 2018, inamhusu Freddie Mercury na bendi ya Queen, inaishia kwenye onesho la Live Aid, uwanja wa Wembley, tarehe 13 Julai 1985. Fomula inataka kabla ya ushindi wa mwisho shujaa awe ameanguka, yuko peke yake, marafiki wamemkimbia. Kwa hiyo kwenye muvi Freddie anasaini mkataba wa albamu yake mwenyewe, anawaumiza wenzie, bendi inasambaratika, miaka inapita, alafu Live Aid inawarudisha. Ukweli ni kwamba bendi haikuvunjika. Walikuwa kwenye ziara mpaka Mei 1985, miezi miwili tu kabla, na Januari ya mwaka huohuo walipiga Rio de Janeiro mbele ya umati mkubwa sana. Na aliyetangulia kutoa albamu ya peke yake alikuwa Roger Taylor, mpiga drams, mwaka 1981, Freddie yake ikafuata 1985.

Kubwa zaidi ni ugonjwa. Muvi inamfanya ajue ana virusi vya UKIMWI kabla ya Live Aid, anawaambia wenzie mazoezini, kwa hiyo ukimwona anapanda steji unaona mtu anayepigana na kifo. Inaliza, mimi nakubali inaliza. Ila maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba alijua 1987, na kwa umma alitangaza tarehe 23 Novemba 1991, kesho yake akafariki. Yaani siku ile ya Wembley alikuwa mtu mwenye furaha na afya anayefanya kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote. Kwangu mimi hiyo ilikuwa inatosha, ila fomula haitaki furaha tupu, inataka ufufuko.

Mbona Zanzibar haipo kwenye hiyo muvi wakati Freddie alizaliwa Unguja?

Swali hili linakuja sana na lina haki ya kuulizwa. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Waparsi kutoka India, baba mfanyakazi wa serikali ya Mwingereza. Akiwa na miaka 8 hivi akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikaondoka kwenda Uingereza.

Stori ya muvi inaanza 1970 hivi akiwa kijana anapakua mizigo uwanja wa ndege Heathrow, na kisiwa kinapita kwenye mazungumzo tu. Sababu ni ya kifundi kabisa: safari ya shujaa inataka nyumbani pawe mahali pamoja tu, padogo, pa kuchosha, ambapo mtu anaondoka. Freddie alikuwa na nyumbani tatu kabla hajafika miaka 20, na moja ilimtoka kwa sababu ya mapinduzi. Ukiweka yote hayo, wito wa muziki unakuwa jambo la tano kwenye maisha yake badala ya kuwa la kwanza. Kwa hiyo wakaweka nyumba ndogo ya London na baba mkali, stori ikaenda. Mimi nadhani walitupa sehemu nzito kuliko zote, mtoto wa visiwani aliyepoteza kwao mara mbili alafu akawa anaimbia viwanja vizima, ila ndo hivo, mpango haukuwa na nafasi yake.

Kwa hiyo muvi zinazobadilisha ukweli ni za uongo?

Inategemea wamebadilisha nini. Kubana miaka mitatu iwe wiki, kuunganisha watu watatu wawe mmoja, kutunga mazungumzo ambayo hakuna aliyeyarekodi, hayo ni ya kawaida na bila hayo hakuna muvi. Shida inaanza pale badiliko linapogeuza maana.

Ray ya 2004 inasema Ray Charles alipigwa marufuku jimbo la Georgia kwa sababu alikataa kuimba kwenye onesho lililowabagua watu weusi, alafu 1979 jimbo likamwomba radhi. Kukataa alikataa kweli, mwaka 1961 mjini Augusta, ila marufuku haikuwepo, prodyuza wa onesho alimshtaki na mahakama ikamtoza faini. Na 1979 Georgia ilichofanya ni kuuchukua Georgia on My Mind uwe wimbo wa jimbo. Unaona walichofanya? Walihitaji "kurudi", na ili mtu arudi lazima awe amefukuzwa kwanza.

Nyingine ni Hidden Figures ya 2016. Kuna sini maarufu bosi Mzungu anavunja kibao cha choo cha watu weusi, watu wanapiga makofi ukumbini. Bosi yule hakuwepo, amechanganywa kutoka kwa watu kadhaa, na Katherine Johnson mwenyewe, mwanahisabati mweusi wa NASA ambaye muvi inamhusu, alisema yeye alikuwa anatumia choo cha Wazungu tu, alikataa kuhangaika na kile kingine. Huyu mama alijivunjia kibao mwenyewe kimyakimya kwa miaka, alafu muvi ikamchukulia ushujaa wake ikampa bosi. Hapo sio suala la tarehe tena, wamemnyang'anya kitu chake.

Steringi si huwa hafi? Sasa mbona kwenye hizi muvi anauawa?

Kwenye vibanda vya video wote tumekua tunajua steringi hafi. Kwenye muvi za maisha ya watu ndo pagumu, maana Gandhi aliuawa, Malcolm X aliuawa, Lumumba aliuawa, na fomula inataka mtu arudi na dawa mkononi. Waandishi wana njia zao za kulikwepa hili.

Ya kwanza ni kuanza na kifo. Gandhi ya 1982 inafungua na risasi za Januari 1948 na mazishi yale ya umati, alafu inarudi nyuma mpaka 1893, kijana mwanasheria anatupwa nje ya treni Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kwa sababu ya rangi yake. Wito wa wazi kabisa. Kifo ukishakiona mwanzoni hakikuvizii tena mwishoni, na wewe unabaki unaangalia ni kitu gani kilimfanya mtu mdogo akawa mkubwa.

Ya pili ni kuwapa watu wengine ile zawadi. Malcolm X ya Spike Lee, 1992, masaa matatu na zaidi, Denzel Washington akiwa kwenye kilele chake. Malcolm anakufa mara mbili mle ndani: jela anakufa yule mhuni wa mtaani, na Makka mwaka 1964 anakufa yule aliyeamini Wazungu wote ni mashetani. Lee alipata ruhusa ya kupiga picha Makka penyewe, akatuma wapiga picha Waislamu. Baada ya mauaji ya Februari 1965 muvi haizimiki, inahamia darasani Soweto, na mwalimu aliyesimama mbele ya watoto ni Nelson Mandela mwenyewe, watoto wanainuka mmoja mmoja wanasema "mimi ni Malcolm X". Kwa hiyo aliyerudi nyumbani ni jina lake na sio yeye. Kitu ambacho kimeachwa na mimi ningependa kukiona ni ile ziara yake ndefu ya Afrika baada ya hija, alifika mpaka Dar es Salaam Oktoba 1964 akakutana na Mwalimu Nyerere. Lakini mtu akishapata ufunuo Makka fomula inamtaka arudi kwao Harlem, New York, haraka, haina muda wa kumsubiri azunguke Afrika miezi.

Ya tatu, na hii ndo naipenda kuliko zote, ni kukubali kwamba hakuna kurudi. Raoul Peck, Mhaiti aliyelelewa Kongo, alitengeneza Lumumba mwaka 2000. Inaanza na Wabelgiji wawili usiku porini wanakata miili na kuiharibu isipatikane tena, na sauti ya Lumumba ndo inatusimulia. Karani wa posta Stanleyville, muuza bia Leopoldville, waziri mkuu Juni 1960, anafukuzwa Septemba, anauawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na wenzie Mpolo na Okito. Hatua za safari zipo zote mpaka pale kwenye shimo, alafu muvi inakuacha humohumo. Hakuna ufufuko, hakuna zawadi, aliyebaki kwenye kiti ni Mobutu. Nimewasikia watu wanalalamika haina mwisho mzuri. Ndiyo, haina, na Kongo haikuwa na mwisho mzuri, kwa hiyo Peck angetunga nini? Kilichorudi ni jino moja lenye dhahabu ambalo polisi Mbelgiji alilificha kama kumbukumbu yake, Ubelgiji ikalikabidhi kwa familia Juni 2022 na likazikwa Kinshasa, miaka 22 baada ya muvi.

Na kwa sisi wa pwani hili wala sio geni. Utenzi wa Fumo Liyongo, ule alioutunga Muhamadi Kijumwa, kuelekea mwisho unamwonesha shujaa aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mtoto wake wa kumzaa, amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wanaogopa kuchota maji kwa sababu hawajui kama amekufa. Hakuna aliyewahi kusema utenzi ule umekosa mwisho.

Kuhusu Mandela, muvi ipi ni bora?

Bora kwa kitu gani? Mandela: Long Walk to Freedom ya 2013, na Idris Elba, imejaribu kuyabeba maisha yote kuanzia jando mpaka urais. Fomula ilikuwa tayari imeshajiandika yenyewe, Campbell ana hatua anaiita tumbo la nyangumi, ambapo shujaa anamezwa na dunia inadhani amekwisha, sasa miaka 27 ya jela, 1962 mpaka Februari 1990, ni nini kama sio tumbo la nyangumi? Tatizo ni kwamba miaka 27 kwenye muvi inapita haraka, mvi zinaongezeka, barua zinakuja, unaambiwa muda umepita ila huuhisi. Invictus ya 2009 ilichukua kipande kidogo tu, Kombe la Dunia la raga 1995, na Morgan Freeman, na kwa hicho kidogo nilimwona Mandela anavyofanya siasa, anavyojua majina ya watu, anavyohesabu. Ya kwanza inakupa heshima, ya pili inakupa mtu.

Wanawake mbona kila siku ni wa kusubiri mlangoni?

Kwa sababu mpango wa Campbell ulikusanywa kutoka stori ambazo anayeondoka ni mwanaume, na mwanamke ni mama, kishawishi au tuzo. Mwanafunzi wake mmoja, Maureen Murdock, hakuridhika, mwaka 1990 akaandika kitabu cha safari ya shujaa wa kike, ambapo kazi kubwa ni kurudiana na kile alicholazimika kukikana ili aonekane wa maana, kushinda joka sio hoja.

Kwenye muvi zenyewe bado mke anapewa sini tatu: anampenda, anamlalamikia kwa kutokuwepo nyumbani, anamsamehe. Winnie Mandela alifungwa siku 491 kati ya 1969 na 1970, sehemu kubwa peke yake selo. Ile ni safari nzima inayojitosheleza, na kwenye muvi ya mume wake imekuwa kipande.

Je, fomula inafanya kazi kwa mtu mbaya?

Kwa mtu mbaya wanatafuta steringi mwingine. The Last King of Scotland, 2006, inamhusu Idi Amin, na Whitaker alijifunza mpaka Kiswahili kwa ajili yake, lakini anayesafiri ni daktari kijana Mskoti, anaitwa Garrigan, ambaye hakuwepo duniani, katoka kwenye riwaya. Yeye ndo anaitwa, anashawishika, anaangukia shimoni na kutoroka. Waganda wanabaki nyuma kama mandhari. Stori inaishia 1976 na ile ndege iliyotekwa Entebbe, kwa hiyo vita ya Kagera iliyomtoa Amin mwaka 1979 haimo ndani yake, wakati kwa mtu wa Bukoba au Masaka hiyo ndo stori.

Hotel Rwanda ya 2004 nayo ina somo lake. Ilimpa meneja mmoja ushujaa wa kuokoa watu zaidi ya 1,200 pale hoteli ya Mille Collines, Kigali, wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, na baadaye baadhi ya walionusurika hotelini humo wakasema hawaitambui picha ile. Sitaingia kwenye kesi na siasa zilizofuata, ninachosema ni kwamba fomula ya mtu mmoja kwa jambo lililohusu maelfu itazaa ugomvi tu, ukitafuta shujaa mmoja unakuwa umeshaamua wengine wote walikuwa wanaokolewa.

Kuna muvi zilizoikataa kabisa?

Zipo. Selma ya Ava DuVernay, 2014, ilichukua miezi michache ya 1965 tu na ikamweka Martin Luther King katikati ya watu wanaobishana naye, vikao, simu, uchovu. Tena haki za hotuba zake halisi hazikupatikana ikabidi zitungwe upya, na kwa maoni yangu ilisaidia, maana usingeacha kuimbia moyoni maneno unayoyajua. Steve Jobs ya 2015, ya yule bosi wa Apple, ni vyumba vya nyuma ya steji kabla ya kuzindua kompyuta zake, mara tatu, basi. I'm Not There ya 2007 imemgawa mwanamuziki Bob Dylan kwa waigizaji sita, mmoja wao mwanamke, hii uiangalie ukiwa na subira.

Nataka kuandika skripti ya maisha ya mtu wa kwetu. Niifuate au niiache?

Ijue vizuri, iandike pembeni, alafu angalia maisha yanagoma wapi. Tufanye mfano na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja. Juu juu safari iko tayari: anazaliwa Fumba wakati wa utumwa, anauza vyungu huku anaimba, 1911 anahamia mjini, anapata mwalimu, Muhsin bin Ali, 1928 anavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri, anarudi sauti yake inasikika pwani nzima. Kuna mpaka kejeli za waliomtungia wimbo kwamba bila sauti asingekuwa mtu. Ukimpa mtoa hela hiyo atasaini.

Sasa angalia inapogoma. Siti hakuimba peke yake, alikuwa na kundi, akina Subeti na Buda na Mbaruku, na nyimbo zao zilikuwa zinazaliwa barazani, watu wanaleta habari za mtaa, za mahakamani, za mwanamke aliyeuawa na muuaji akatoroka huku mashahidi ndo wanafungwa, ule wimbo wa Kijiti. Bombay haikuwa kilele, kilele kilikuwa kila usiku pale nyumbani kwake mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja. Ukilazimisha fomula, utatumia nusu saa kwenye meli na dakika tano barazani, na utakuwa umemtengeneza staa wa kwenda ng'ambo na kurudi wakati yeye nguvu yake ilikuwa kukaa na kusikiliza. Mimi ningeanzia na kesi ya Kijiti na nisingetoka humo, Fumba na Bombay zije kama kumbukumbu.

Ushauri mwingine wa vitendo: kabla hujaandika sini yoyote, andika orodha ya watu unaowatoa. Jina kwa jina. Kama aliyetolewa ndiye aliyefanya kazi yenyewe, stori yako ina tatizo hata kama inaliza.

Nianze kuangalia ipi?

Queen of Katwe kwanza ili uone mpango ukiwa umekaa sawa, alafu Malcolm X ukiwa na jioni nzima, alafu Lumumba. Lumumba ipo ya Kifaransa, tafuta yenye maandishi ya chini, na usiizime pale unapoona imeshakuwa ngumu.